Kobe wa Rafu ya Chini

Usifunge kwa kishindo. Kwenye friji yetu,
rafu ya chini, chini ya kabichi
na mtungi wa matango ya siki,
yumo kobe.

Amelala tangu Novemba ndani ya boksi la viatu,
viatu vya harusi ya dada yangu, namba thelathini na nane,
amefukiwa kwa udongo na majani ya mwaloni
tuliyookota bustanini, hapa Lublin, vidole vimetuganda.
Anaitwa Guzik, kwa Kipolandi ni kifungo,
maana siku ya kwanza alijiingiza ndani ya gamba
na Kalina akasema: amejifunga.

Nyuzi joto tano. Si mbili, si nane.
Kila asubuhi tunafungua mlango kumpa hewa,
na Olek, mwenye miaka mitatu na soksi moja,
huingiza uso wote kwenye ile baridi
na kunong'ona: Lala unono.
Halafu anaomba jibini.

Jumapili ni siku ya mizani.
Kalina anapangusa unga kwenye sahani yake,
anamweka Guzik kama mtu anayeweka yai juu ya yai,
na sote tunazuia pumzi tusije tukaongeza uzito.
Gramu mia nane kumi na mbili.
Wiki iliyopita, mia nane kumi na nne.
Kalina anaandika kwenye kalenda iliyobandikwa mlangoni;
nane zake zimelala chali, zimechoka nazo.
Akipungua mno, alituonya daktari wa wanyama, mwamsheni.
Kulala nako kuna kipimo.

Mtu wa gesi alikuja Januari kusoma mita.
Nikamkaribisha kahawa, nikamwambia maziwa yamo humo humo.
Alirudi bila maziwa.
"Bwana," alisema, "kuna mguu."
"Ni wa Guzik," Olek akamjibu. "Shii."

Nyumba hii imejifunza kunyata,
kwani si kobe tu anayelala mchana.
Bogna, mama yao, hurudi saa moja asubuhi
kutoka wodi ya wazee,
viatu mkononi, mstari wa barakoa shavuni,
hunibusu popote anapopafikia, sikio, kola,
akatoweka nyuma ya pazia zito.

Kuanzia hapo tunaishi kwa ishara.
Uji kwa ishara. Viatu vya theluji kwa ishara.
Ugomvi wa gari jekundu, ngumi na mateke yake yote,
midomo wazi kama ya samaki.
Nami nacheka ndani ya taulo la vyombo.

Jumapili hii sikuwaona wakiondoka.
Nilikuwa nasugua sufuria; nilipogeuka, mizani haipo.
Niliwakuta chumbani, gizani, wamepiga magoti.
Mkono wa Bogna ulining'inia nje ya blanketi
nao walikuwa wameuinua, mikono minne kwa mmoja,
wakaulaza juu ya sahani.
Kitaa cha namba kiliwaangaza videvu.
Kalina alisoma, kidole chini ya kila tarakimu:
mia tatu tisini na sita.
"Amepungua?"
"Hatujui. Wiki iliyopita hatukuandika."

Wakanitazama mimi,
mwenye kalenda, mwenye funguo, mwenye kujua.
Namwona kila siku, jamani. Kila siku.
Na sikuwa na namba ya kuwapa.

Bogna hakufumbua macho.
Alikunja vidole taratibu, akaishika ile sahani,
akaigandamiza,
na mizani ikaruka hadi kilo moja na nusu.
"Ameongezekaaa!" alipaza Olek,
sauti ya asubuhi nzima imetoka mara moja,
na jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Jioni alivaa koti la kazi
akiwa na unga kwenye kifundo cha mkono.
Nilimwonyesha. Akauacha.

Kalenda sasa ina safu mbili.
Machi bado iko mbali.
Na jibini, yeyote aliyelimaliza,
amerudisha karatasi tupu pale pale, kando ya boksi,
ili asingiziwe Guzik.